Mtihani wa Mahari

"Ng'ombe kumi na mbili, na moja juu yake, ya mama," Mzee Ogola alitamka, kisha akaegemea kiti kama mtu aliyemaliza kazi.

Elsie alihesabu haraka kichwani. Huu ndio ulikuwa mtihani wake wa mwisho wa lugha na utamaduni. Akipita, Jumatatu anaanza kufundisha hisabati katika shule ya wasichana hapo Pap Onditi. Akianguka, anapanda ndege kurudi Denmark, na huko kwao alikuwa ameaga watu kwa karamu mbili na hotuba. Angeiweka wapi sura yake?

Wenzake wa chuo cha lugha walipewa mitihani ya kawaida: kununua nyanya soko la Kondele, kuuliza njia, kusalimia wazee. Yeye, mwalimu wake Wechuli alimtaka awe mshenga, msemaji wa upande wa bwana harusi, katika posa ya maigizo. Elsie hakulalamika. Kwa miezi mitatu Wechuli hakuwa amemfundisha kitu kingine. Hakujua kuuliza choo kiko wapi, lakini angeweza kukueleza tofauti ya mtamba na ng'ombe tasa mpaka uchoke wewe.

Na chuo hakikubana mkono. Kilitafuta boma zima, pamoja na mbuzi uani. Kilileta na wazee wawili wa "upande wake" kutoka Bungoma, ambao tangu wafike walikuwa wameigiza kula kuku tu. Wechuli mwenyewe alikaa kwenye kona akiwa amevaa suti mpya, jasho likimtiririka.

"Leo mimi ni mtahini," alikuwa amemwonya njiani. "Usiniulize kitu. Jifanye sipo."

"Jagam," Mzee Ogola alimwita mshenga kwa Kijaluo, "hii kijana yenu inafanya kazi gani?"

Elsie alichagua kazi aliyojua kuitamka. "Ni mwalimu, baba."

"Inakaa wapi?"

"Kondele."

"Na pombe?" Hilo lilitoka mlangoni, kwa Mama Atieno, mama wa nyumba. Watu wote wakamgeukia Elsie. Hata kuku aliachwa apumzike.

Elsie hakubabaika. "Kijana wetu anakunywa chai, mama. Asubuhi chai, mchana chai, jioni chai."

"Basi huyo ni Mluhya kabisa, watu ya chai!" Mzee Ogola akasema, na watu wakavunjika mbavu. Mtahini alijifuta uso kwa leso. Elsie akajua hapo ameokota alama.

"Turudi kwa ng'ombe," mzee alisema. "Kumi na mbili."

"Wanane, baba. Tumekuja kuomba mke, hatukuja kununua soko lote la Pap Onditi."

"Basi mtoto yangu itakaa hapa!"

Elsie alikumbuka somo: mambo yakikwama, chukua mkoba. Aliuchukua, akasimama. "Wazee wangu, twendeni. Tulikuja kuomba, hatukuja kuporwa."

Soda ilimpalia mtahini, akakohoa hadi machozi. Mzee mmoja wa Bungoma alikumbatia sahani yake. Kule jikoni, Akinyi, msichana aliyepewa nafasi ya bibi harusi, aliangua kilio kilichofika barabarani. Elsie alisikia vinyweleo vikimsimama. Waigizaji wa kiwango hiki walikuwa wanatafuta nini huku kijijini Nyakach?

"Yawa, madam, kaa chini!" Mzee Ogola alinyoosha mikono yote miwili. "Wewe umewahi kuwa dalali ya ng'ombe? Haya, leta hiyo nane tumalize maneno. Lakini isiwe ng'ombe ya kuegemea ukuta."

"Na wawili wawe mitamba," Elsie aliongeza, kwa sababu neno hilo alilipenda.

Vigelegele vikapasuka. Mama Atieno alianza kuimba, majirani wakadakia, na mbuzi wa uani akaanza kuburutwa kwa sababu ambazo yeye mwenyewe alizielewa haraka. Elsie alipiga makofi pamoja nao. Akageukia kona.

"Mwalimu! Nimepata alama ngapi?"

Wechuli alikuwa amefunika uso kwa leso, mabega yakimcheza. Elsie akafa moyo. Bila shaka alikosea mahali, pengine kwenye mitamba, na sasa hata mwalimu wake alikuwa anamlilia.

Mzee Ogola aliinuka, akampita Elsie, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kona na kumshika mtahini mkono.

"Karibu nyumbani, mkwe wetu," alisema. "Mwaka jana ungekuja na huyu madam, uache ile mjomba yako mlevi iliharibu posa, saa hii ungekuwa na mtoto anatembea."