Mtambo wa Zamu

Siku hizo mtambo wa intaneti wa mtaa ulikaa kwa zamu majumbani, na mwenye zamu ndiye aliyeamua duka la nani lifunguke upesi kwenye simu za wateja. Mwaka wa Bi Tatu, duka la mikate la mke mwenzake, Bi Mwanaidi, lilizunguka tu kiooni bila kufunguka, hata wateja wakalihama, likafa.

Sasa zamu ilikuwa ya Bi Mwanaidi.

"Dada, udi wangu unanidodea! Duka halifunguki!" Bi Tatu alilia mlangoni.

"Subiri, mwenzangu. Mie si nilisubiri?"

"Mwakani mtambo unakwenda kwa mwanangu, ujue!"

"Na uende. Duka langu ulishalizika, atanicheleweshea nini?"

Akaupapasa mtambo. Ulikuwa wa moto kama mtoto mwenye homa, naye hakutaka kuuachia.