Korongo Walipoaga Bondeni

Zamani, kila kiangazi, korongo walileta nafaka kutoka ng'ambo kwa ajili ya wanyama wa bondeni. Mwaka mmoja wakamwambia Kanga, mwoga aliyezoea kutumwa nao kuifikisha nafaka nyumba kwa nyumba, "Dada, hatutarudi tena. Kazi hii ni yenu sasa."

Kanga alilia. Aliyakumbuka mabawa yao meupe na vicheko vyao vya asubuhi. Nani sasa angejua penye njaa?

Hata hivyo aliwaomba panya akiba yao, akaibeba hadi kwa Bibi Kobe, kipofu.

"Nisamehe, bibi. Korongo wameondoka, nimekuja bila kutumwa."

"Korongo gani, mjukuu wangu? Miaka yote hii sijasikia hodi mlangoni pangu ila yako."

Kanga bado aliwakumbuka korongo, lakini alishika njia ya kwa Nungunungu, mwenye njaa mwingine, bila kumuuliza mtu.