Nazi Nyuma ya Ukuta

Mitaa yote ambayo dalali wa nyumba alikuwa amemwonyesha Nyamvula katika mji ule wa ugenini ilikuwa mizuri na kimya, na mtu mweusi angekuwa yeye peke yake. Huu wa leo ulikuwa na watu wa kila rangi, lakini bado aliogopa upweke.

Alipokuwa akikagua jiko la nyumba ya kupanga, ukuta ukaanza kukwaruza: kwaru, kwaru, kwaru.

"Usijali, dada," dalali alisema haraka. "Nitawaambia waache."

"Thubutu! Hiyo si nazi inakunwa?"

Akilini akamwona bibi yake uani kwao, ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, na yeye mdogo pembeni akidokoa. Akatoka mbio hadi mlango wa jirani.

"Hodi!"

Mama mmoja wa Kiasia akafungua. Hakuelewa neno, ila aliona macho ya mgeni yanatazama wapi. Akakisogeza kibao chake chenye jino la chuma, kilichochongwa masikio ya sungura. Nyamvula akavua viatu vya ofisini, akakaa, akakuna. Mikono haikuwa imesahau.

"Dada," dalali akaita kutoka koridoni, "tunaichukua, au twende kwingine?"

Kabla hajajibu, yule mama alimpa kipande cha pili cha nazi.