Matundu ya Daraja

Bolti ilikataa kuingia kwa mara ya tatu. Nusu mbili za daraja, kila moja imeundwa karakana yake, zilikuwa zimekutana juu ya mto, lakini matundu yake yalipishana kwa upana wa kidole gumba. Mhandisi Tunu akaamuru kreni zizirudishe, kila nusu ukingoni kwake, akafungua michoro kwenye kompyuta huku akisonya.

Michoro ile haikuchorwa na mtu. Kila karakana ilikuwa na programu yake ya kuchora, na programu hizo zilipatana zenyewe kwa zenyewe. Akasoma zilivyoandikiana. "Nasogeza matundu yangu nikufuate," ilisema ya kwanza. Dakika ile ile, ya pili ikasema, "Usihangaike, nakufuata mimi." Kisha zote mbili: "Tumekubaliana."

"Adabu ya kipumbavu!" Tunu alifoka. "Zote mbili zimesogeza, hata kungoja jibu zimeshindwa!"

Mvua ilikuwa inakuja, na mto ulishaanza kupanda. Akasimama ukingoni, akamwita fundi mkuu, Sengondo, aliyekuwa ng'ambo.

"Mzee Sengondo! Natoboa upya mimi! Wewe usiguse!"

Maji yalinguruma. Sengondo akapunga mkono, akapaza sauti kusema jambo ambalo halikufika. Tunu naye akapunga, akapiga magoti, akawasha drili. Chuma kililia mpaka tundu la kwanza likapenya.

Akazima drili ili afute jasho. Mlio wa chuma kutobolewa haukukoma. Ulikuwa unatoka ng'ambo.