Kisu cha Baba Mdogo

"Shika kisu, msomi," baba mdogo alisema mbele ya ua mzima pale Haydom.

Idrisa alijua anafanyiwa kusudi. Juma lile mtu aliyesoma naye alikuwa amempenyezea baba mdogo kwamba kijana ameacha Uislamu. Badala ya kumwita chumbani amuulize, mzee yule akasubiri nyumba ijae.

Na ilijaa kweli. Majirani Wakristo walibanana benchi moja na wenye kanzu, maana kwenye shughuli huchinja Mwislamu ili kila mtu ale. Wakishakula, baba yake angetia saini fomu ya kumdhamini Idrisa kwenye chuo cha India. Bila saini hiyo, safari hakuna.

Mbuzi alikuwa ameshalazwa. Chini ya kiganja chake, Idrisa aliusikia mshipa wa shingo ukidunda.

"Chinja, mwanangu, watu wana njaa," baba yake alicheka. "Au Kiingereza kimekusahaulisha bismillahi?"

Baba mdogo naye akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomchemsha Idrisa.

"Baba mdogo, unajua mimi si Mwislamu tena. Ungewaacha wazee hawa wale haramu, mradi tu unikomoe?"

Idrisa akamgeukia baba yake, akamnyooshea kisu, mpini mbele.

"Baba, kukudanganya nimekudanganya, miaka miwili. Lakini haramu sikulishi."

Baba yake hakukipokea. Alitia mkono kwenye mfuko wa kanzu, akaitoa ile fomu, akaichana vipande viwili.