Jicho la Mdogo Wake

"Dada, amenipiga tena."

Fundi wa kuchomelea vyuma aligeuka. Mdogo wake, kijana wa miaka ishirini aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa amechomoka vichakani akihema. Jicho moja lilikuwa limezungukwa na zambarau mpaka shavuni. Damu ilimchemka mwanamke yule. Na nani asingechemka?

Kundi lao la matembezi lilikuwa na kawaida yake: kiongozi hutembea nyuma kabisa, pamoja na aliyechoka kuliko wote. Kiongozi ni mumewe. Aliyechoka, kama kawaida, ni huyu huyu mdogo wake. Wiki nzima kijana alimnong'oneza kwamba shemeji anampiga, naye hakusadiki, maana hakuona alama. Haya, leo ameiona.

"Anataka nihame, dada. Eti nimezidi kula vya bure. Amesema leo ananitosa mtoni."

Mto mbele yao ulikuwa umejaa maji ya mvua, unanguruma. Wenzao walishavuka gogo na kupotelea ng'ambo kwenye maua, yaleyale yaliyojaa vichakani upande huu. Muuguzi mstaafu, mwenye sauti ya tarumbeta, alisikika akilia, "Jamani, haya maua yana rangi! Sketi yangu nyeupe imekwisha habari yake!" Wakamcheka.

Mume akatokea, macho yamemwiva kwa hasira, leso mkononi inachuruzika maji. "Wewe! Njoo nikuoshe huo uso, dada yako akuone!"

Akamkwida kijana kwenye kola, akamburura kuelekea majini.

"Mwache!"

"Mke wangu, hebu kwanza mtazame..."

Mke akaiinua fimbo yake ya kutembelea, ya chuma, aliyoichomelea mwenyewe. Pigo la kwanza lilivunja mkono uliokamata kola. La pili likatua kisogoni, na mfupa ukalia. Mume akaanguka majini kifudifudi. Maji yakambeba, yakamgonga jiwe hili, yakamtupa kwenye lile, povu likawa jekundu kwa muda mfupi tu. Kisha hakuonekana tena.

Fimbo ikamponyoka. Akaketi palepale, akamvuta kijana kifuani.

"Basi, mwanangu, basi. Hakuna wa kukugusa tena."

Kijana alikuwa analia kwelikweli. Dada akaiokota leso ya marehemu kwenye kokoto, ingali mbichi, akamfuta machozi taratibu.

"Dada, usi..."

Zambarau yote ikahamia kwenye leso.