Viatu Vyeupe vya Aida

Aida alivua viatu vyake vyeupe kwenye ngazi ya wodi, akampa nesi mwenzake aliyekuwa anaingia zamu. Yule akavivaa vikiwa bado na joto la miguu ya Aida.

Mimi, baba yake mdogo, nilikuwa nimesimama palepale na kuku kwapani.

Kwetu Ndalambo viatu hivyo ndivyo vilivyotufanya tuamini mtoto wetu amekuwa tajiri. Nesi anayevaa viatu, tulisema, atakosaje hela ya kuezeka nyumba ya ukoo kwa bati? Nilitembea siku tatu kuja kumwambia hivyo.

"Shikamoo, baba mdogo," akasema, akipiga goti. Nikaziona nyayo zake. Zilikuwa zimepasuka kama za mama yake anayelima.

"Marahaba. Mbona umempa viatu vyako?"

"Ni vya hospitali. Tunapokezana."

"Na mshahara?"

Alicheka. "Ule wa sabuni na chumvi? Unaisha kabla mwezi haujaandama." Kisha akasema, kama mtu anayetaja ng'ombe wake, "Leo nimezalisha wanawake watatu, baba. Wote wazima, na watoto wao."

Nikazitazama tena nyayo zake.

"Nyumbani kuna shida gani?" akauliza.

Nikafungua kamba iliyomfunga kuku miguu, nikamkabidhi kuku. Halafu nikainama, mzee mzima, mbele ya watu, nikaupima unyayo wake kwa ile kamba, kutoka kisigino hadi kidole gumba.

"Hakuna shida," nikasema. "Nyoosha mguu."